Sentensi Arobaini za Mwalimu Ronny

Nyanchwa, Kisii
14 Januari 2024

Kwako Adhis,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kazi ya duka inaendelea. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, na hilo tumeshazoeana. Migomba imezaa vizuri msimu huu, inaangukia hata njia ya jirani.

Nimekupigia simu mara nne tangu Krismasi na hukupokea. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingepokea. Ndiyo maana naandika, kwa sababu barua huwezi kunikatia katikati. Naandika kwa Kiswahili maana Kijaluo sikijui, na wewe Ekegusii chetu, nasikia, unakielewa ukisengenywa tu. Barua ataileta Beverlyne, nesi jirani yangu anayefanya kazi huko Nyamira na kurudi nyumbani wikendi.

Huyo Beverlyne ndiye aliyenichokoza. Sabato iliyopita tukitoka kanisani aliniambia kwamba alisoma Kiingereza kwa mwanangu, katika darasa la jioni la wale wanaojiandaa kwa mtihani wa kwenda ng'ambo. Akasema kila juma Ronny alichukua neno moja la Kiingereza, neno la kawaida kabisa, akaliandikia sentensi arobaini, nao wakazikariri kwa sauti. Neno lake la mwisho kabla ya ajali lilikuwa come, yaani kuja. Na alikuwa na sheria moja: hakuandika jambo ambalo halikutokea. Alisema sentensi ya uongo haikai kichwani. Basi msichana akasimama hapo hapo njiani akanisomea moja na kunitafsiria: Mama alikuja kutoka shambani, miguu yake imelowa.

Adhis, nilikaa chini kwenye nyasi na nguo yangu ya kanisa.

Unajua mambo yalivyokuwa. Ronny alimaliza miaka minne bila kukanyaga kwangu, na aliporudi aliletwa ndani ya jeneza. Machi itatimia mwaka tangu lori limgonge. Kuna kitu kimoja tu ninachotaka kujua kabla sijafa: kama mwanangu alikufa akiwa bado amenipa kisogo. Ukiniambia wewe, labda nitadhani unanionea huruma, au unalipiza. Lakini kama aliandika ya kweli tu, nisomee hizo arobaini. Niambie nimo wapi.

Mama yake Ronny,
Bathsheba


Nyamira
4 Februari 2024

Mama Ronny,

Salamu. Barua yako niliipata. Mimi ni mzima na pole kwa goti.

Sikutaka kujibu, nasema wazi. Siku ya mazishi uliniketisha kwenye viti vya wageni, mstari wa tatu, nikamwangalia mume wangu akishushwa kaburini kama mtu aliyekuwa anapita njia tu. Nilikaa naye miaka minne. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo sina hata wa kunifanya niitwe mama fulani. Kwako nilikuwa "yule wa ziwani". Barua yako ilikaa chini ya mashine ya fotokopi wiki mbili.

Lakini alikuwa mwanao kabla hajawa mume wangu, na hizi sentensi si za kufichwa. Zinasemwa kila jioni, kabla ya neno jipya la juma. Darasa liko nyuma ya duka langu, hapa karibu na ofisi za kaunti, na sasa linafundishwa na Mwalimu Mose. Saa kumi na moja wanaanza. Mimi niko upande huu nabana karatasi, na upande wa pili wa ukuta watu thelathini wanasema maneno ya mume wangu kwa pamoja. Wengi hawakuwahi kumwona. Wanasema "mama yangu", wanasema "mke wangu", na huyo mke ndiye mimi, nimesimama na stepla mkononi. Miezi ya kwanza nilikuwa nafunga duka kabla hawajaanza. Siku hizi wakichelewa kuanza nakosa raha.

Nimekutafsiria kumi za mwanzo. Alikuwa anapanga kwa utaratibu. Kwanza kitu kinakuja tu, halafu kinakuja kutoka mahali, halafu mtu anakuja kufanya jambo, na hivyo hivyo hadi zile ndefu. Ya kwanza ni: Mvua ilikuja. Ya pili: Mvua huja Kisii kila siku saa tisa. Ya nne inasema ndama aliingia jikoni akanywa uji wote. Ya sita ni ile ya miguu iliyolowa. Ya tisa pia inakuhusu na si nzuri. Nimeiandika kwa sababu umeomba zote: Mama aliniambia nisije.

Nyingine ziko kwenye karatasi niliyoambatanisha.

Adhis


Nyanchwa
18 Februari 2024

Mwanangu Adhis,

Naona umeshangaa kwa hilo neno la mwanzo. Livumilie. Hujambo? Hapa hatujambo, mimi na kuku.

Nimesoma hiyo karatasi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Lakini huo uji si kweli! Yalikuwa maziwa ya mgando, sufuria nzima, na ndama alikuwa wa jirani yetu Makori, si wetu. Ronny alikuwa na miaka sita, akampiga kwa kikoi changu, ndama akatoka na kikoi. Mwambie arekebishe. Unaona? Nimeandika mwambie. Nimeiacha hivyo hivyo, sina nguvu ya kufuta.

Ya tisa ni kweli. Nilisema siku ile ya mwaka 2019 alipokuja na jina lako mdomoni. Nilikuwa mlangoni na mwiko wa ugali, nikamwambia ukimwoa huyo usije kwangu. Hata sikukujua, Adhis. Nilijua tu unakotoka. Nilidhani atakasirika wiki mbili, maana tangu utotoni hasira zake zilikuwa za wiki mbili, hazizidi. Wiki ya tatu nikawa nasikiliza njia. Mwaka wa pili nikaanza kusema kwamba yeye ndiye mdogo, yeye ndiye aje. Hivyo ndivyo miaka minne inavyokwisha.

Na viti vya mazishi, usimlaumu mwenyekiti wa kamati. Mpango niliuandika mimi kwa mkono wangu. Nisamehe. Nimeandika hilo neno mara tatu kwenye karatasi nyingine kwanza, nione kama linaandikika.

Kuna jambo sijamwambia mtu ila mchungaji. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Hilo halinisumbui, mtoto kuwa karibu ni vizuri. Kinachonisumbua ni geti. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, nasikia mtu anabisha. Si kila siku. Najifunga leso kichwani natoka, nafungua, hakuna mtu, ni matope tu. Mchungaji amesema ni uzee, na yeye amenizidi miaka mitatu.

Niletee zilizobaki.

Mama yako, ukikubali,
Bathsheba


Nyamira
17 Machi 2024

Mama Ronny,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, ila wiki hii ni nzito na wewe unajua kwa nini. Jumatano itakuwa mwaka.

Nimecheka kuhusu kikoi. Sikucheka sana, lakini mteja alinisikia akaniuliza kuna nini.

Nimekuandikia zilizobaki zote, zimejaza karatasi mbili. Ya kumi na nne anasema alikuja Nyamira na begi moja. Ya kumi na nane ni mimi: Mke wangu huja darasani na chai. Ya ishirini na tano pia ni mimi. "Njoo uone," mke wangu aliniita, na paka alikuwa amezaa ndani ya katoni ya karatasi. Mama, hakuna aliyewahi kuniandika popote isipokuwa kwenye rejista ya shule na daftari hili.

Ya thelathini na moja nafikiri ndiyo jibu lako: Nilinunua sukari nije nayo kwa Mama. Unaona, alikuwa anataka kuja. Hiyo ikutoshe. Ya thelathini na tatu ni: Nilirudi nimelowa mwili mzima. Zile zinazofuata ni za wanafunzi wake. Ya arobaini aliiandika Jumapili, kesho yake akafa, na ndiyo ya pekee ambayo ilikuwa bado haijatokea: Wanafunzi wapya watakuja Jumatatu. Walikuja. Walikuwa kumi na wawili, wakakaa wakimsubiri mpaka mlinzi akaja kuwaambia.

Ni hizo tu. Baki na amani.

Adhis


Nyanchwa
31 Machi 2024

Mwanangu Adhis,

Salamu za upendo. Siku ya Jumatano nilipanda maua kwenye kaburi, yale mekundu yasiyokufa ovyo. Ungekuwepo ungekaa mbele.

Nimezisoma karatasi zako na nimefurahi na nimelia, na kwa sukari nimelia zaidi. Lakini mwanangu, mimi darasa niliachia la tano, na kuhesabu hawakuninyang'anya. Nimehesabu mara mbili kwa kidole. Ni thelathini na tisa. Kuna ya thelathini na moja, ana sukari yangu mkononi. Halafu kuna ya thelathini na tatu, amerudi amelowa. Ya katikati haipo.

Kwanza nikasema amesahau, kazi nyingi. Kisha nikamuuliza Beverlyne. Msichana ambaye mdomo wake haufungwi hata kwenye maombi alitazama viatu vyake. Akaniambia, "Mama, muulize mke wa Mwalimu." Hapo nikajua. Watu thelathini wanaisema hiyo sentensi kila jioni kwa sauti, watakwenda kuisema mpaka ng'ambo, na mama aliyemzaa ndiye asiyeijua.

Mimi ni mtu mzima, Adhis. Nimezika mume, nimezika mtoto. Nitumie ya thelathini na mbili.

Mama yako,
Bathsheba


Nyamira
2 Juni 2024

Mama,

Salamu. Nimekaa miezi miwili na sitasema nilikuwa na kazi nyingi. Beverlyne kila Jumatatu ananitazama kama mtu anayedai.

Nilipoiruka, nilijiambia nakuhurumia. Baadaye nikajiuliza kwa nini basi niliiacha ile ya thelathini na tatu hapo wazi, mtu yeyote aione. Nadhani nilitaka uulize.

Ya thelathini na mbili ni hii: Nilikuja kwenye geti la mama yangu kukiwa na mvua, akaniambia niende.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Machi, siku tisa kabla ya ajali. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia miaka minne inatosha, wewe ndiye mtoto, nenda. Alitaka kupiga simu kwanza, nikamkataza. Akanunua kilo mbili za sukari, akavaa shati la bluu. Alirudi jioni na matone yanadondoka kutoka nywele. Nikamuuliza hukumkuta? Akasema, "Nimemkuta. Amesema amenijua, na amesema niende." Akaketi. Kesho yake aliiandika kwenye daftari. Nikamwambia Ronny, hiyo usiwafundishe watu. Akasema imetokea.

Sukari ilikuwa imelowa ndani ya mfuko. Tuliinywa na chai. Ilipoisha alikuwa ameshazikwa.

Ulipolia pale kaburini mpaka ukashikwa mikono, mimi kwenye mstari wangu wa tatu nilisema moyoni, huyu analia nini? Nilikuchukia mwaka mzima, Mama. Halafu ukaanza kuniandikia habari za ndama, na sasa sijui cha kufanya na hiyo chuki. Niambie tu kwa nini. Alikuwa amelowa. Alikuwa na sukari.

Adhis


Nyanchwa
25 Agosti 2024

Mwanangu Adhis,

Sijui nikusalimie namna gani. Uwe mzima.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nikaendelea kusimama mpaka Beverlyne akaja kuniketisha. Tangu hapo nimeanza kukuandikia mara nyingi. Ningeweza kukuambia sikusikia, kwamba mvua ilikuwa kubwa. Nilisikia.

Kuna mnunuzi wa ndizi anaitwa Ombui. Ananunua huku vilimani na kuuza sokoni Daraja Mbili. Mwezi wa pili mwaka ule alikuja kwangu siku ya Sabato, nikamwambia Sabato siuzi, njoo Jumapili. Juma lililofuata akaja tena Sabato, nikamkemea zaidi, mpaka majirani wakasikia. Unajua sisi wa huku tulivyo na siku yetu. Hatuwashi hata jiko, chakula tunapika Ijumaa.

Sabato hiyo ya tarehe kumi na moja nilikuwa nimetoka kanisani, nimekula viazi vya jana, nimejilaza. Mvua ikaja. Nikasikia mtu anabisha geti. Sikuinuka. Nikaita kutoka kitandani, "Nani?" Akajibu, "Ni mimi."

Ni hayo tu aliyosema. Na mvua juu ya mabati, na miaka minne, na mimi kichwa changu kimejaa Ombui. Nikasema kwa sauti kubwa kabisa, "Nimekujua! Nenda zako! Usinichafulie Sabato yangu!" Akabisha tena mara moja, polepole. Nikasema, "Nimesema nenda, na usirudi!" Geti halikubishwa tena. Nikageukia ukutani, na nikafurahi, Adhis. Nililala vizuri.

Subiri, hujasikia mwisho. Sabato iliyofuata, siku mbili kabla hajafa, walipoita ushuhuda mimi nilisimama. Nililiambia kanisa jinsi mjaribu alivyokuja getini kwangu na fedha siku takatifu, nami nikamfukuza bila hata kumwonyesha uso. Kanisa zima likasema Amina. Mzee wa kanisa, Machogu, akasema niwe mfano kwa vijana.

Nilipopata barua yako nilishuka mpaka Daraja Mbili kwa miguu, na goti hili, nikamtafuta Ombui katikati ya ndizi. Nilikuwa naomba aniambie alikuwa yeye. Nilikuwa tayari hata adanganye. Akaniambia, "Mama, hiyo wikendi yote nilikuwa Keroka, dada yangu alikuwa anaolewa. Na ulishanikemea mara mbili. Ningerudi kufuata nini?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuuliza kama mwanangu alikufa amenipa kisogo. Alikuja na uso wake na sukari, na kisogo kilikuwa changu, nimegeukia ukuta. Na yeye alikwenda kaburini akijua kwamba mama yake alimtambua sauti na kumfukuza. Siwezi kumfikia nimwambie. Niko hatua ishirini na siwezi kumfikia.

Nakuomba jambo moja. Hao watu thelathini wanaponisema, waambie sikujua. Waandikie ya arobaini na moja.

Mama yako,
Bathsheba


Nyamira
15 Septemba 2024

Mama,

Natumai unakula. Beverlyne ananiambia umepungua. Kula.

Nimesoma barua yako nikiwa nimefunga duka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikataka kukusamehe nikashindwa pia, kwa hiyo nimepiga deki sakafu yote. Kila mara najisikia nikimwambia Ronny, usipige simu, mama hawezi kumfukuza mtoto akiwa getini. Nilikuwa na uhakika kabisa. Angepiga simu tu, ungesema mwanangu njoo, na sote tungekuwa na maisha mengine. Hilo nalibeba mimi, usininyang'anye.

Nilimfikiria akibisha ile mara ya pili, polepole. Hiyo hakuniambia.

Kuhusu ya arobaini na moja, siwezi kukuandikia. Si kwa ubaya. Sheria ni yake mwenyewe, jambo liwe limetokea na anayeandika awe anajua limetokea. Mimi nilikuwa Nyamira naanua nguo. Ronny alikuwa nje ya geti, na ameandika yake. Aliyekuwa ndani ni wewe. Iandike wewe, kwa Kiswahili, nitaona jinsi ya kuiingiza. Nimeshazungumza na Mwalimu Mose na hakuuliza mengi.

Yale ya mvua bado unayasikia?

Adhis, mke wa Ronny


Nyanchwa
20 Oktoba 2024

Mkamwana wangu Adhis,

Salamu zangu zote. Ninakula. Beverlyne ni mchongezi, lakini ananiletea supu.

Ndiyo, bado nasikia, na siku hizi zaidi. Zamani nilikuwa nakwenda getini kwa hofu. Sasa nakwenda haraka, nachubua miguu, na hakuna mtu. Nimeacha geti wazi mchana kutwa, mbuzi wa jirani wamekula sukuma wiki yangu yote. Hata likiwa wazi linabishwa.

Hiyo sentensi imenichukua mwezi mzima. Nilianza na "Sikujua kwamba ni yeye", nikaikata. Ni kweli, lakini inanitetea, na sikutaka watu thelathini wanitetee kila jioni. Nikaandika habari za Ombui, ikawa ndefu na Ombui hana kosa. Mwisho imebaki fupi. Beverlyne ameiweka kwa Kiingereza nyuma ya karatasi, na nimemwambia asiongeze hata nukta yake. Ni hii: Mwanangu alikuja, nami sikufungua.

Kabla sijaituma niliona siwezi kuwaambia watu wa Nyamira na kuwaficha wa kanisani kwangu. Basi jana walipoita ushuhuda nilisimama. Nikawaambia, mnakumbuka mwaka jana nilishuhudia kwamba nilimfukuza mjaribu? Hakuwa mjaribu. Alikuwa Ronny, ameniletea sukari. Nikakaa chini.

Safari hii hakuna aliyesema Amina. Mzee Machogu alitazama Biblia yake muda mrefu, kisha akatangaza wimbo, na wakauimba wamekaa. Nyanchoka, tuliyegombana naye tangu mambo ya mpaka wa shamba, alinishika mkono mpaka wimbo ukaisha, halafu akauachilia akaenda kwake.

Sijapata nafuu, kama unataka kujua. Nilidhani nitapata.

Mama yako,
Bathsheba


Nyamira
8 Novemba 2024

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Mvua huku zimeanza kuwa kubwa, juzi maji yaliingia mpaka chini ya kaunta.

Sentensi yako imeingia. Mwalimu Mose aliiandika ubaoni jana jioni, chini kabisa, akasema tu kwamba mwandishi wake ni mwingine. Mimi sikukaa dukani. Niliingia nikasimama nyuma kwenye mlango, jambo ambalo sijafanya tangu siku za kupeleka chai. Walianza na mvua ilikuja. Nilisikia ndama, nikasikia miguu yako, nikasikia usije. Kwenye ya thelathini na mbili huwa wanapunguza sauti, hakuna aliyewafundisha hivyo. Walipofika yako waliisema mara moja, na Mwalimu akawaambia warudie, wakairudia.

Kisha msichana mmoja mgeni, nesi anaitwa Linet, akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, samahani. Hawa wa thelathini na mbili na hawa wa arobaini na moja ni mama na mwana wale wale?" Mose akaitika. Linet akasema, "Sasa mama gani angemfukuza mwanawe akimjua? Kwa nini huyo kijana hakutaja jina lake? Angetaja jina si angefunguliwa?"

Mose akageuka akanitazama, na darasa zima likageuka. Sijawahi kusema neno katika chumba hicho, Mama. Nikawaambia kwamba kwa mama yake mtu hataji jina. Husema ni mimi.

Linet akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye Mose akafuta ubao, wakaingia kwenye neno la juma hili.

Nilipofunga duka niliwaza jambo ambalo sikukuambia mwezi wa tisa. Yeye alikuwa na uhakika utamjua. Hata baada ya miaka minne, kwenye mvua, kwa maneno mawili. Mtu aliyekupa kisogo hawezi kuwa na uhakika huo. Sijui kama hilo linasaidia au linaumiza zaidi. Mimi limenifanyia yote mawili.

Jumapili hii nakuja Nyanchwa. Nataka kukaa karibu na kaburi, mbele, kama ulivyosema. Funga geti, mbuzi wasimalize shamba. Nikifika nitabisha. Sauti yangu umeisikia mara chache, na siku ya mazishi sikuongea, lakini jina sitalitaja.

Mtoto wako,
Adhis